Chania na Athi: Matembezi ya Jumapili ya Watu wa Eastlands

Leo nimeombwa nizungumze juu ya matembezi, nami nimechagua matembezi ya maporomoko ya maji. Si yale ya mbali yanayochapishwa katika kalenda za kampuni za watalii, bali yale ambayo mtu wa Jericho, wa Maringo, wa Umoja au wa Kayole aweza kuyaendea asubuhi baada ya chai akarejea kwake kabla ya isha, pasi na hema, pasi na kiongozi wa kulipwa, wala pasi na kuigusa akiba ya karo ya watoto.

Katika mitaa hii yetu ya mashariki ya jiji la Nairobi, tangu Shauri Moyo na Kaloleni hadi Dandora na Komarock, safari aghalabu huwa na sababu nzito: ni msiba, ni mahari, ni mwana kupelekwa shule ya bweni, au ni Krismasi ya kwenda kuwaona wazee, na mtu akisema kwamba ametoka kwake, akalipa nauli, akaenda kutazama maji yakianguka kutoka juu kwenda chini, kisha akarudi, jirani zake watamtazama kwa jicho la shaka, wakidhani kuna jambo jingine alilolifuata huko. Wala siwalaumu, kwani mtu aliyezoea kusimama katika foleni ya mitungi akingojea bomba la ploti litoe maji, haioni upesi raha ya kulipa kiingilio ili ayatazame maji yajiendeayo bure. Lakini kwa maoni yangu ni mtu huyu huyu, mwenye foleni na mtungi wake, ndiye aliye na haki ya kuyatazama maporomoko ya upande wa Thika kuliko mgeni yeyote atokaye ng'ambo, na hoja yangu nitaieleza njiani, tukishafika mahali pake.

Maporomoko katika nchi yetu si haba. Nyahururu, karibu kilomita 200 kutoka Nairobi, mto wa Ewaso Narok huruka genge la mita 74 mbele ya macho ya mtu aliyeketi anakunywa soda, na Mskochi Joseph Thomson alipopita hapo mwaka 1883 aliyapachika maporomoko hayo jina la ukoo wake, kama ilivyokuwa ada ya wasafiri wa zama zile kuvipa majina vitu ambavyo wenyeji walikuwa wamekwisha kuvipa. Katika milima ya Nyandarua yapo ya Karuru, yenye mita 273 katika vituo vitatu, ambayo ni fahari kubwa lakini ni ya mtu mwenye gari la kupanda matope na mwenye kulipia mbuga. Na ndani ya jiji lenyewe, katika msitu wa Karura, yapo maporomoko madogo ya kupendeza ambayo leo tungeyahesabu kuwa ni historia tu, lau marehemu Profesa Wangari Maathai na wenziwe wasingekubali kupigwa mwezi wa Januari mwaka 1999 kwa ajili ya kuuzuia msitu ule usigawanywe viwanja. Yote hayo ni mazuri, na mwenye wasaa na ayaendee. Mimi leo nakusudia njia nyingine, ambayo kwa siku moja humfikisha mtu penye mito miwili, na mito hiyo miwili, kwa watu wa Eastlands hasa, ina neno la kusema.

Safari yenyewe ni nyepesi. Mwenye gari lake hushika barabara ya Outer Ring kuelekea kaskazini, akaiacha Donholm, Umoja na Kariobangi nyuma yake, mpaka atokee penye Barabara Kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012, ambayo kabla yake safari ya Thika ilikuwa ni mtihani wa subira na baada yake ikawa ni suala la kupata kiti dirishani. Asiye na gari atapanda matatu ya Thika, namba 237, ama mjini ama hapo Allsops, penye makutano hayo, ikiwa makanga amebakiwa na nafasi. Na iwapo ni chama cha akina mama, au kwaya, au vijana wa mtaa walioamua kuchanga, basi lililo bora ni kukodi matatu nzima kwa kutwa na kupatana bei mapema, na jambo la kupatana lisiachiwe mtu mpole. Dereva wa Eastlands akijua kwamba mnakwenda kustarehe, bei huanza kupanda kabla ya injini.

Thika ipo kilomita arubaini na kitu kutoka katikati ya jiji. Pembezoni mwa mji wenyewe, barabara huvuka mto, na hapo kando ipo hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa bado ni mji wa mabati na matope. Imejengwa baina ya mito miwili, Chania upande mmoja na Thika upande wa pili, na kila mto una maporomoko yake, nayo mito yenyewe hukutana chini ya hapo ikawa mmoja. Si maporomoko ya kumtisha mtu. Unakunywa chai juu, watoto wanacheza majanini, kisha unashuka kwa ngazi na vijia vya mawe, ukishikilia mkono wa mzee au wa mtoto kwa sababu ya utelezi, mpaka rasharasha za maji zikuguse usoni na sauti ya mto iyameze maneno ya aliye mbele yako. Siku za mvua Chania huwa mwekundu kwa udongo wa mashamba ya juu. Siku za kiangazi hupungua, ukaona mawe meusi yaliyokuwa yamefichika, na uzi wa maji ukipita katikati yake kwa adabu.

Wengi wakishapiga picha hapo huondoka. Ningependa wewe uketi kidogo, uyatazame yale maji, kwa maana yanakuhusu. Mto Thika, kabla haujafika hapa, umezuiwa huko Ndakaini, katika kaunti ya Murang'a, na bwawa lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Na maji ya bwawa hilo huongozwa kwa mahandaki chini ya vilima mpaka yaingie katika Chania, yakachukuliwa tena juu ya mji wa Thika, yakasafishwa katika mitambo ya Ngethu, kisha yakatiwa katika mabomba kuja Nairobi. Kabla ya Ndakaini lilikuwapo bwawa la Sasumua, lililojengwa katika miaka ya hamsini kule kunakoanzia maji ya Chania. Na kabla ya Sasumua lilikuwapo la Ruiru. Na kabla ya yote hayo mji ulitosheka na chemchemi za Kikuyu. Lakini leo sehemu kubwa sana ya maji ya jiji, zaidi ya asilimia 80 kwa hesabu zitolewazo kila mara, yana asili yake Ndakaini. Kwa hiyo yanayoanguka hapa mbele ya Blue Posts ni masazo: ni yale yaliyobaki mtoni baada ya Nairobi kujichukulia haja yake. Mtungi wako wa lita ishirini, ule ulioununua juzi kwa mwenye mkokoteni bomba lilipokauka, ulipaswa kuanguka hapa, na haukuanguka kwa sababu wewe uliunywa.

Sisemi haya ili kumtia mtu majuto kwa kunywa maji. Watu wanapaswa kunywa. Nasema ili ijulikane kwamba mgeni akiyatazama maporomoko ya Chania huona mandhari, ilhali mtu wa Bahati au wa Makadara akiyatazama huiona stoo yake, na yafaa kila mtu aijue stoo yake, ajue kama imejaa au imepwaya, kabla ya kuja kulalamika mezani.

Haya, tuendelee. Kutoka Thika hushikwa barabara ya Garissa, na hapo mandhari hubadilika ghafula: yanaanza mashamba ya mananasi, safu baada ya safu, yakiwa yamelala kwa nidhamu ya kijeshi kulia na kushoto mpaka jicho lichoke, na pembezoni mwa barabara wachuuzi wanayauza yaliyomenywa na yasiyomenywa. Nunua yasiyomenywa. Takriban kilomita ishirini mbele utafika makutano ya njia iendayo Kilimambogo, na mlima wa jina hilo utakuwa umekwisha kukutangulia machoni kwa muda mrefu, kwani umesimama peke yake katika nchi tambarare, bila ya ndugu wala jirani. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, Wakikuyu wauita Kianjahi na Mzee Jomo Kenyatta ameutaja miongoni mwa milima mitukufu ya kabila lake, na tangu mwaka 1967 umekuwa ni mbuga ya taifa, wenye nyati wanaolipa haki yake lile jina la tatu, Kilimambogo.

Katika mteremko wa mlima huo amezikwa mtu ambaye watoto wa Kaloleni na Makadara humsoma jina bila ya kumjua. Naye ni Sir William Northrup McMillan, Mmarekani wa mji wa Saint Louis, tajiri mwenye mwili wa ajabu kwa ukubwa, aliyekuja nchi hii mwanzo wa karne iliyopita akajitwalia ardhi isiyo na kadiri katika pande hizi, na mwaka 1909 akampokea Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja. Alifariki mwaka 1925, naye alikuwa ametaka azikwe kileleni; lakini gari lililochukua jeneza lilishindwa na mlima, na waombolezaji wakamzika pale walipofikia, njiani. Mjane wake, Lady Lucie, ndiye aliyejenga kwa ukumbusho wake ile maktaba ya nguzo nyeupe katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo kwa muda wa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, hata Baraza la Jiji lilipoichukua ikawa ya watu wote. Na matawi yake mawili yapo kwetu, moja Kaloleni na moja Makadara, na yamefanyiwa ukarabati mzuri miaka ya karibuni. Nimelitaja hili kwa upande tu, kwa sababu mtoto wa Kaloleni anayefanya kazi ya shule katika maktaba yenye jina la mtu fulani, anayo haki ya kuonyeshwa kwa kidole mahali mtu huyo alipolala.

Chini ya mlima huo, penye mpaka wa Kiambu na Machakos, mto wa Athi unafika ukingoni mwa mwamba mpana, unagawanyika, na kuanguka mahali pengi kwa wakati mmoja. Waliohesabu zamani walipata mikondo kumi na minne, na kwa hiyo mahali hapo hujulikana na watu wote kwa jina la Fourteen Falls. Ukienda katika kiangazi utaiona mikondo hiyo mmoja mmoja na utaweza kubishana na wenzako juu ya hesabu; ukienda baada ya masika, mwezi wa Mei au wa Juni, hutaona mikondo bali ukuta mmoja wa maji wenye ngurumo, upana mtupu, nao urefu wake wa kwenda chini, ambao si mkubwa ukilinganishwa na wa Nyahururu, hausumbui akili ya mtu tena. Kwa uzuri wa sura, mimi nayatanguliza haya mbele ya yale ya Nyahururu, na najua watu wa Laikipia hawatanisamehe.

Hapo huhitaji kupanda wala kushuka sana. Gari linafika karibu, mtu mzima wa miaka sabini anaweza kusogea kwa miguu yake, na vijana wa mahali hapo wana kazi zao zilizozoeleka: wapo wanaoongoza watu juu ya mawe, wapo wanaoruka kutoka juu ya mwamba kwenda katika kilindi kwa malipo ya kupatana, jambo ambalo mimi sipendi kulilipia kwani silipi mtu ahatarishe shingo yake, na wapo wenye mashua zinazovusha watu upande wa chini, mahali ambapo ukuta wote wa maji huonekana.

Siku moja tuliingia katika mashua ya namna hiyo, kundi la watu wa mtaa mmoja wa Eastlands, na kijana mwenye mashua alikuwa akiisukuma kwa upondo, polepole, akiukita upondo penye mwamba anaoujua bila ya kutazama. Tulipokaribia maji yanayoanguka, akina mama wawili walivuta leso zao wakaziba pua. Hapo ndipo nilipoliona vizuri povu la mto huu: jeupe, zito, limesimama juu ya maji kimo cha shibiri na zaidi, lisilopasuka linapoguswa, kama povu la beseni la kufulia siku ya Jumamosi, upepo ulikuwa ukilikata vipande na kuvirusha mpaka mawe ya kando, na katikati ya povu hilo zikizunguka mahali pamoja, bila ya kupata njia ya kutoka, chupa za plastiki, kipande cha godoro la sponji na ndara moja ya mguu wa kushoto. Mtoto mmoja wa kundi letu, mwanafunzi wa shule ya msingi, akamwuliza mwenye mashua: «Anko, haya maji yanatoka wapi?» Kijana hakuugeuza uso wake kutoka kwenye upondo. «Yanatoka huko kwenu,» akasema.

Naye alisema kweli tupu. Mto wa Nairobi huzaliwa katika kinamasi cha Ondiri, upande wa Kikuyu, ukiwa safi kiasi cha kusifiwa. Ukapita katikati ya jiji, ukapita Gikomba na Pumwani, ukateremka kwenye mitaa yetu, ukaambaa na Dandora, penye lile jaa la taka lililoanza katika miaka ya sabini na ambalo ilikwisha kutangazwa kwamba limejaa tangu mwaka 2001, na bado malori yanaingia. Huku nyuma mto wa Mathare umepita katikati ya vibanda vya Mathare na Korogocho, na mto wa Ngong umepita Mukuru na nyuma ya viwanda, na yote miwili humwaga mzigo wake katika huo wa kwanza. Mbele kidogo, Ruai, yapo yale mabwawa makubwa ambayo maji machafu ya jiji hupelekwa ili yatulie, yasafike, kisha yaachiwe mtoni. Na lau kila choo na kila kiwanda kingefika katika mabwawa hayo, na mabwawa yakafanya kazi yake kwa ukamilifu, tusingekuwa na hadithi. Lakini mtu yeyote wa Kayole au wa Njiru ajua kwamba mengi hayafiki, bali hushika njia ya mkato, usiku na mchana. Kisha mto wa Nairobi, pamoja na yote uliyoyapokea, huingia katika Athi, na Athi huyapeleka kwenye mwamba wa Kilimambogo, kuyaangusha mbele ya watu waliotoka Nairobi kwa nauli zao wenyewe kuja kuyatazama.

Basi hapo ndipo ilipo hoja yangu niliyowaahidi. Yale ya Chania ni maji kabla hatujayanywa. Haya ya Athi ni maji baada ya sisi kuyatumia. Kwa asili yake mito hii haikuwa na habari ya kujuana: Chania na Thika huingia katika Tana, nayo Tana huishia Kipini; Athi hushika njia yake ya kusini, ukakutana na Tsavo ukaitwa Galana, ukaporomoka tena penye miamba iliyopewa jina la Lugard ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, kisha ukaitwa Sabaki na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Mungu alizitenga njia hizo mbili kwa vilima. Anayeziunganisha ni Nairobi, ambayo hunywa katika mto mmoja na kumwaga katika mwingine, na kiungo chake ni bomba la jikoni kwako na shimo la choo chako. Si nchi nyingi zinazoweza kumwonyesha mtu jambo hilo kwa siku moja, kwa nauli ndogo, na maporomoko mawili ya kumburudisha njiani.

Tena hadithi haiishi kwenye mwamba. Wapo wakulima wanaonyweshea mboga kwa maji hayo, mboga ambazo haziliwi zote huko huko. Na kwa jamaa zetu wa pwani, nawakumbusheni kwamba huko Baricho, kando ya Sabaki, vipo visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto, ambavyo ndivyo vinavyonywesha Malindi na Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mchanga ni mchujo mzuri, alhamdulillahi, na safari ni ndefu, na jua na mawe na maanguko yenyewe huusaidia mto kujitakasa. Lakini mtu muungwana hamtegemezei jirani yake afya kwa wema wa mchanga.

Watasema baadhi ya wasikilizaji: haya si mazungumzo ya matembezi, haya ni malalamiko. La, hasha. Mimi nimekwenda huko kwa furaha na nitakwenda tena, kwani maji machafu yakianguka hayapungukiwi na haiba hata kidogo. Mwanga wa alasiri huingia katika rasharasha zake na kutoa upinde wa mvua ulio kamili, na mvuvi aliyesimama juu ya jiwe huonekana kama kawaida ya wavuvi, amenyamaza, hana haraka. Ninachokataa ni ile tabia ya kulipia uzuri tukaufumbia macho ukweli wake, kisha tukirudi mtaani tukatupa mfuko wa takataka mtaroni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na ni kweli kwamba mifuko imepungua sana katika miti na mitaro yetu, jambo ambalo wengi walisema haliwezekani. Chupa hazikuingizwa katika marufuku hiyo, na ndizo zilizokuwa zikizunguka katika povu.

Wala si kwamba hapana lililowahi kufanywa. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, aliushika mto wa Nairobi kwa ukali wake unaojulikana, na kipande cha karibu na mzunguko wa Globe kikageuka kuwa bustani iliyopewa jina lake. Vijana wa Korogocho, ambao watu wa mbali huwataja kwa uhalifu tu, waliondoa taka kwa mikono yao wakapanda miti na kutengeneza mahali pa watoto kucheza kando ya mto. Na mwezi wa Machi mwaka 2025 serikali ilizindua hapo hapo Korogocho mpango wa kuufufua mto kwa urefu wa kilomita 27 na kidogo, hadi Ruai. Mipango tumeiona mingi. Kipimo cha huu hakitakuwa hotuba wala nyumba zitakazojengwa kando ya mto. Kipimo chake kipo Kilimambogo, chini ya mwamba, na kila mwenye macho na pua anaweza kwenda kukisoma mwenyewe bila ya kungoja ripoti. Lile povu likipungua, tutajua.

Kuhusu kurudi, msirudie njia mliyoijia. Kutoka Kilimambogo ipo njia ya kupitia Tala, ambayo hukutoa katika barabara ya Kangundo, ukapita Joska na Kamulu na Ruai na Njiru, ukaingia Kayole ukiwa umezunguka duara kamili. Na jua la magharibi linapokuwa usoni mwa dereva, afadhali aendeshe taratibu, maana barabara hiyo ina pikipiki nyingi na watoto wengi. Anzeni safari mapema, saa moja ya asubuhi isiwakute nyumbani. Nendeni Chania kwanza, Athi baadaye, wala msigeuze mpango huo. Viatu viwe vya soli yenye meno. Mkifika Athi, kaeni mbali na ukingo wa mwamba, msiingie majini, wala msiwaruhusu watoto kuingia, hata wenyeji wakiwaambia kwamba hakuna neno. Na maji ya kunywa, tafadhalini, yachukueni kutoka nyumbani.